Kunyamazisha ekzosi bila kuikaba injini koo

Wengi wetu tunaojenga gari la spoti kwa mikono yetu huiacha ekzosi mwisho. Chasisi inachomelewa, injini inakaa, gia zinaingia, breki zinashika, taa zinawaka. Nafasi inayosalia ubavuni ndiyo inayopewa bomba la moshi, na sailensa inachaguliwa kwa kuangalia ipi itaenea hapo. Injini ikiwashwa mara ya kwanza kila aliyesimama pale anafurahi. Furaha hiyo ikipoa ndipo linapokuja swali la nani ataweza kuishi na gari hili: mwenye nalo, jirani zake, au mkaguzi atakayelipima.

Nimeishi na swali hilo muda mrefu, na jibu nililofikia ni kwamba kinachoitwa kelele ya ekzosi ni kelele kadhaa zinazotoka pamoja. Kila moja ina chanzo chake na dawa yake. Anayekimbilia sailensa kubwa kabla ya kujua anapambana na ipi anaweza kumaliza fedha, akaongeza uzito, akapunguza nguvu, na mvumo uliokuwa ukimsumbua ukabaki palepale.

Magari ya namna hii yameanza na ugumu. Tangu Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alipotoa Lotus Seven mwaka 1957, gari ambalo wanunuzi wengi walilichukua likiwa vipande na kuliunganisha wenyewe, umbo lake limeigwa na wajenzi wa nchi nyingi. Injini iko mbele, watu wawili wanakaa nyuma yake, hakuna paa la maana wala zulia, na ekzosi inatokea ubavuni na kuishia karibu na sikio la aliyekaa upande huo. Gari la kiwandani lina mita kadhaa za bomba kutoka injini hadi nyuma. Njiani kuna katalisti, yaani kisafisha moshi, kuna sailensa ya kati na nyingine ya mwisho, na kila moja inachukua sehemu yake ya kelele. Kwenye gari kama langu kuna mita moja na ushei ya bomba na boksi moja la sailensa. Boksi hilo linatakiwa kufanya kazi ya watatu, kwa hiyo ni lazima ujue unalituma kufanya nini.

Kishindo, ukali na upepo

Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi iliyomo ndani ya silinda bado ina shinikizo kubwa mara kadhaa kuliko hewa ya nje. Inaingia kwenye bomba kwa kishindo, na kishindo hicho kinasafiri kama wimbi. Injini ya silinda nne yenye mipigo minne hutoa vishindo viwili katika kila mzunguko wa krenki. Ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hivyo ni vishindo 100 kwa sekunde, yaani sauti ya Hz 100. Ikifika 6,000 ni Hz 200. Hiyo ndiyo sauti ya msingi, nzito, inayosikika kifuani kabla ya masikioni.

Juu ya sauti hiyo kuna nyingine zinazopanda kwa vizidishio vyake, Hz 200, 300, 400 na kuendelea, na hizo ndizo zinazoipa injini ukali wake. Mpasuko unaoumiza sikio umo huku juu.

Kelele ya tatu inatokana na mbio za gesi yenyewe. Injini ya lita 2 ikizunguka 6,000, silinda zake zikijaa vizuri, huvuta karibu lita 100 za hewa kila sekunde. Hewa hiyo ikitoka na joto la nyuzi 600 za Selsiasi imetanuka karibu mara tatu. Ipitishe kwenye bomba la kipenyo cha milimita 50 na itakwenda kwa kasi ya karibu mita 150 kwa sekunde. Bomba la milimita 63 linaishusha kasi hiyo hadi chini ya mita 100. Gesi inayokwenda hivyo inapiga kelele yake yenyewe kila inapokutana na kona kali, ukingo wa kuchomelea uliojitokeza ndani, au mdomo mwembamba. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha kwamba nguvu ya kelele inayotolewa na mkondo wa gesi ya jeti hupanda kwa kipeo cha nane cha kasi yake. Ekzosi ya gari si jeti, lakini mwelekeo ni uleule: ukibana njia, kelele ya upepo inapanda upesi kuliko unavyotarajia.

Kwa hiyo kabla ya kukata bomba, kaa ulisikilize gari. Mwombe mtu apandishe mizunguko polepole nawe uzunguke nje. Je, kinachokukera ni mvumo mzito unaokuja kwenye mizunguko fulani kisha unapotea? Ni mpasuko mkali unaozidi kadiri mafuta yanavyokanyagwa? Au ni sauti ya upepo juu kabisa? Majibu haya matatu yanakupeleka kwenye kazi tatu tofauti.

Namba kwenye mita, na isichokwambia

Desibeli (dB), kipimo cha ukubwa wa sauti, inawapoteza wengi kwa sababu haihesabiki kama kilo au mita. Nguvu ya sauti ikiongezeka maradufu, mita inapanda desibeli 3 tu. Ikipanda 10, nguvu imekuwa mara kumi, ingawa sikio la mtu huona kama sauti imekuwa maradufu. Ukisogea mbali na chanzo mara mbili ya umbali, mahali pa wazi, inashuka karibu 6. Ndiyo maana kipimo kisichotaja umbali hakina maana, na ndiyo maana tofauti ya desibeli 3 kati ya sailensa mbili ni jambo kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kipimo cha gari likiwa limesimama kimeelezwa katika kiwango cha ISO 5130. Maikrofoni inawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, kwenye kimo cha mdomo huo lakini si chini ya sentimita 20 kutoka ardhini. Injini ambayo nguvu yake ya juu inapatikana kwenye mizunguko 5,000 au chini yake hupimwa kwenye asilimia 75 ya mizunguko hiyo. Ile ya kati ya 5,000 na 7,500 hupimwa kwenye 3,750. Ile ya 7,500 na kuendelea hupimwa kwenye nusu yake. Uingereza, ambako magari ya kujengwa nyumbani ni mengi, ukaguzi wa IVA, unaofanyiwa gari moja moja kabla ya kusajiliwa, unaweka kikomo cha dB 99 kwa kipimo cha namna hii. Viwanja vya mbio navyo vina vikomo vyao, na baadhi hupima magari yakiwa yanapita. Laguna Seca ya California inajulikana kwa hilo, na siku nyingi kikomo chake kimekuwa kati ya dB 90 na 92. Tafuta kanuni za mahali utakapoendesha au kusajili kabla hujanunua chochote, uandike pembeni ni mizunguko mingapi na umbali gani, kwa sababu hapo ndipo utakapojipimia.

Lakini kuna jambo ambalo namba hiyo inalificha. Mita zinazotumika huchuja sauti kwa kipimo A, kinachoiga namna sikio linavyosikia sauti ndogo. Kwa kipimo hicho, sauti ya Hz 1,000 inahesabiwa ilivyo. Sauti ya Hz 100 inapunguzwa desibeli 19. Hz 125, ambayo ndiyo sauti ya msingi ya injini ya silinda nne kwenye mizunguko 3,750, inapunguzwa 16. Maana yake ni kwamba gari linaweza kufaulu ukaguzi huku likitikisa madirisha ya nyumba ya tatu. Inawezekana pia ukabadilisha sailensa, jirani akaja kukushukuru, na mita isione tofauti yoyote. Kama programu yako ya simu au mita yako ina kipimo C, pima kwa vyote viwili. C karibu haiigusi sauti nzito. Pengo kati ya A na C likiwa kubwa, shida yako iko chini, kwenye mvumo. Likiwa dogo, shida iko juu, kwenye ukali. Kwangu hicho ni kipimo cha thamani kuliko namba moja ya ukaguzi, na hakigharimu kitu.

Simu haiaminiki kwa namba kamili, lakini kwa kulinganisha leo na jana inatosha, mradi uiweke mahali palepale, kwenye sakafu ileile, mbali na ukuta, injini ikiwa na joto lilelile.

Kabla ya kugusa sailensa

Uvujaji ndio wa kwanza. Tundu dogo kwenye gasketi ya manifoldi, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kabla gesi haijafika popote, linatoa kishindo kikiwa kibichi kabisa. Utausikia kama mlio wa tiki-tiki-tiki unaofuata mizunguko, mkali zaidi injini ikiwa baridi, kisha unafifia chuma kikitanuka. Injini ikiwa baridi, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa, puliza hewa kidogo kutoka upande wa pili, na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Manifoldi za kutengenezwa nyumbani zina shida moja ya kawaida: joto la kuchomelea linaipinda flenji, lile bamba linalofungwa kwenye injini. Iweke juu ya kioo kinene au meza ya mashine, na kama mwanga unapita chini yake, isawazishe kabla ya kulaumu gasketi.

Cha pili ni upande wa kuvuta hewa, na hapa ndipo nadhani wajenzi wengi wanapotea. Injini yenye kabureta mbili za midomo miwili, au throtili nne zilizo wazi, inanguruma mbele karibu sawa na nyuma. Tuseme ekzosi peke yake inapima dB 100 mahali fulani, na uvutaji hewa dB 95 mahali hapohapo. Pamoja ni dB 101 na nukta kidogo. Sasa weka sailensa nzuri sana, uishushe ekzosi hadi 90. Ulitegemea kushuka kwa desibeli 10, lakini jumla imekwama kwenye 96, kwa sababu sasa unaisikia mbele ya injini. Hakuna sailensa yoyote duniani itakayokutoa hapo. Boksi la hewa lililofungwa vizuri, lenye ujazo wa kutosha na bomba moja refu la kuvutia, ndilo litakalokutoa. Njia rahisi ya kujua ni kusimama mbele ya gari kisha nyuma yake, mwenzako akikanyaga na kuachia, na kusikiliza sauti inatokea wapi. Ukiendesha nayo, uvutaji hewa unanguruma mguu ukiwa umekanyaga na kunyamaza ghafla unapoachia, wakati ekzosi huendelea kusema.

Tatu, hakikisha cheche za injini zinawaka kwa wakati wake. Cheche zikichelewa, mafuta yanaendelea kuungua valvu ikiwa tayari imefunguka, na kishindo kinakuwa kikubwa zaidi, ekzosi inazidi joto, nyuzinyuzi za kunyonya sauti zilizo ndani ya sailensa zinaungua. Milipuko ile ya pa-pa-pa unapoachia mafuta husababishwa na mafuta ambayo hayajaungua kukutana na oksijeni ndani ya bomba lenye moto. Mara nyingi oksijeni hiyo imeingia kwa kiungo kinachovuja. Kama injini yako ina kompyuta, ipange ikate mafuta kabisa unapoachia. Najua wapo wanaoipenda milipuko hiyo. Mimi nasema inaua sailensa na katalisti, na inamkera kila mtu aliye umbali wa nusu kilomita, bila kuongeza hata sekunde moja ya mwendo.

Nyuzi, chemba na tawi

Sailensa tunayoinunua wengi ni ya kunyonya sauti. Ndani kuna bomba lenye matundu, linalopita moja kwa moja, na kulizunguka kuna nyuzi za glasi, za basalti au za chuma, kisha ganda la nje. Sauti inapita kwenye matundu, inaingia kwenye nyuzi, na msuguano unaigeuza kuwa joto. Gesi inapita karibu bila kizuizi, ndiyo maana wapenda mbio wanaipenda. Inafanya kazi nzuri sana kwa sauti kali. Kwa sauti nzito ni dhaifu, na sababu yake inahesabika. Ndani ya gesi yenye joto la nyuzi 400 za Selsiasi sauti inasafiri kwa takriban mita 520 kwa sekunde, si 343 kama kwenye hewa ya kawaida. Wimbi la Hz 1,000 lina urefu wa sentimita 52. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa zaidi ya mita 5. Tabaka la nyuzi la sentimita 2 au 3 halina la kulifanya wimbi la mita 5.

Ukitaka boksi la nyuzi lifanye zaidi, lirefushe na uongeze unene wa nyuzi. Ganda la inchi 6 linashinda la inchi 4 lenye bomba lilelile la ndani, na refu linashinda fupi. Tazama pia matundu: bomba la ndani lenye matundu machache yaliyotawanyika halifungui njia ya kutosha kwa sauti kuingia. Nyingi za bei ya chini zina kasoro hiyo, na huioni kwa nje.

Chemba inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Bomba jembamba linapofunguka ghafla kwenye nafasi pana, sehemu ya wimbi inarudishwa ilikotoka, na inarudishwa tena kwenye ukuta wa mwisho. Hapa upana ni kila kitu. Chukua bomba la milimita 50 linaloingia kwenye chemba ya milimita 100: eneo limeongezeka mara 4, na kwa hesabu ya kawaida ya chemba tupu, upunguzaji mkubwa kabisa ni karibu dB 6.5. Panua chemba iwe milimita 150: eneo ni mara 9, na upunguzaji unafika dB 13. Hiyo ni pale ambapo urefu wa chemba ni robo ya wimbi. Chemba ya nusu mita, gesi ikiwa na joto lile la nyuzi 400, inafika kileleni karibu na Hz 260. Kwenye Hz 100 ile chemba pana bado inakupa karibu dB 9, na nyembamba inakupa 3 tu. Lakini kwenye Hz 520, ambako urefu wake ni nusu ya wimbi, chemba tupu haizuii kitu. Sauti inapita kana kwamba haipo. Ndiyo sababu viwanda huweka chemba mbili au tatu za urefu tofauti ndani ya boksi moja, ili pale moja inaposhindwa nyingine ishike.

Kwa gari lenye nafasi ya boksi moja ubavuni, nashauri boksi la mchanganyiko: theluthi ya kwanza iwe chemba, inayobaki iwe nyuzi. Chemba inashughulikia kishindo kikiwa bado na nguvu, na inazikinga nyuzi zisipigwe moja kwa moja. Nyuzi zinamaliza ukali uliobaki. Kama una nafasi ya boksi la pili dogo kabla ya kona ya kutoka kwenye manifoldi, liweke, hata kama ni la sentimita 20. Na kama sheria zako zinaruhusu gari lisilo na katalisti, fikiria kuiweka hata hivyo. Vijitundu vyake vingi vyembamba vinaugawa mkondo na kulainisha mapigo, nawe unapata hewa safi juu yake.

Halafu kuna tawi lililozibwa, dawa ninayoipenda kuliko zote kwa mvumo unaokuja kwenye mizunguko fulani tu. Ni bomba linalochomelewa pembeni mwa ekzosi, mwisho wake umezibwa. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi. Kama urefu wa tawi ni robo ya wimbi, linarudi likiwa limepishana nusu ya wimbi na lile linalopita, na mawili yanafutana. Gesi haipitii humo, kwa hiyo injini haipotezi chochote. Kwa mvumo wa mizunguko 3,000 kwenye silinda nne, yaani Hz 100, gawanya mwendo wa sauti kwa mara nne ya masafa, yaani ya hizo Hz: 520 gawa kwa 400, unapata mita 1.3.

Hapo ndipo penye mtego. Ukitumia mwendo wa sauti wa hewa baridi utakata sentimita 86, na tawi litafuta sauti ya karibu Hz 150, yaani mizunguko 4,500, ambako hukuwa na shida. Kwa upande mwingine, gesi iliyosimama ndani ya tawi ni ya baridi kuliko ile inayopita. Ikiwa na joto la nyuzi 200, mwendo wa sauti ni kama mita 436 na urefu unaohitajika ni mita 1.09. Huwezi kujua joto hilo kwa kukisia. Kwa hiyo tengeneza tawi la vipande viwili vinavyoingiana, ufunge kwa klampu, uendeshe, urefushe au ufupishe hadi mvumo uzame, ndipo uchomelee. Si lazima linyooke. Linaweza kukunjwa na kurudi sambamba na bomba kuu, na kwenye gari dogo hakuna namna nyingine ya kulificha. Likikosa nafasi kabisa, chupa ya Helmholtz inachukua mahali pake: shingo fupi na tumbo la hewa, sawa na chupa tupu inayovuma ukipuliza mdomoni mwake. Ila kuipatanisha ni kazi ya subira zaidi, kwa sababu shingo na tumbo vyote vinabadilisha sauti.

Mvumo usiotoka kwenye mdomo wa bomba

Wakati mwingine mita ya nje inasema sawa, na ndani ya gari bado huwezi kuongea. Ekzosi inaposhikwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chasisi, kila kishindo kinaingia kwenye mirija ya chuma, na paneli za alumini za ubavu, sakafu na handaki la gia zinageuka spika. Shika paneli kwa kiganja injini ikiwa kwenye mizunguko ya mvumo. Ukisikia sauti imebadilika, umempata mkosaji. Sailensa inatakiwa kuning'inia kwenye raba, na kati ya manifoldi na sailensa kuwe na kipande cha fleksi au viungo vya kuteleza vilivyofungwa kwa springi, kwa sababu injini inacheza kwenye raba zake na bomba lazima licheze nayo. Bomba lililokazwa huku na huku litapasuka siku moja, na litapasukia pale ulipochomelea vizuri zaidi. Paneli zenyewe zinatulia kwa kubandikwa karatasi nzito za lami au butili. Huhitaji kufunika paneli yote. Katikati yake, kama robo ya eneo, hutosha kuua mlio.

Angalia pia bomba la mwisho, lile baada ya sailensa. Likiwa refu lina sauti yake linalolia nayo, na linairudisha kazi yote uliyofanya. Fupi ni bora. Kama lazima lifike nyuma ya gari, weka boksi dogo karibu na mwisho.

Mwelekeo wa mdomo una maana kwa sauti kali, ambazo husafiri kwa kunyooka, na karibu hauna maana kwa nzito, ambazo hujikunja kila upande. Kuuinamisha kuelekea chini au mbali na maikrofoni ni jambo la kawaida viwanjani, na linaweza kukupa desibeli chache. Ni halali na nalitumia, ila halimsaidii jirani anayesumbuliwa na Hz 100.

Plagi ya kuziba mdomo, ile inayofungwa kwa bolti moja siku ya ukaguzi, sina mapenzi nayo. Inapunguza, kweli, lakini inabana mahali ambapo mkondo tayari una kasi, inaongeza sauti ya upepo, na inarudisha shinikizo kwenye injini ambayo haikupangwa kwa hali hiyo. Gari linalohitaji plagi ili likubalike halijamalizwa kujengwa.

Hofu ya kupoteza nguvu

Kila nikizungumza haya mtu huuliza farasi wangapi watapotea. Swali ni la haki, na linapimika. Kwenye tundu la sensa ya oksijeni funga mrija wa chuma wa nusu mita ili upoe, kisha mpira na geji ya shinikizo la chini. Endesha kwa mafuta yote hadi mizunguko ya juu na usome. Pima bila sailensa mahali panaporuhusiwa, kisha pima ukiwa nayo. Geji isiposogea kwa maana, hujapoteza kitu cha kukukosesha usingizi.

Mara nyingi anayebana ni bomba lenyewe, na sailensa inalaumiwa bure. Upotevu wa shinikizo kwa gesi ileile hupanda karibu kwa kipeo cha tano kadiri kipenyo kinavyopungua, kwa hiyo kutoka milimita 63 hadi 50 ni zaidi ya mara tatu. Kona ya kukunjwa vibaya, iliyojibonyeza ndani, inafanya madhara kuliko boksi zuri la nyuzi. Lakini usikimbilie bomba nene kupita kiasi. Bomba nene linabeba sauti nyingi zaidi nje na linakula upana wa chemba yako: ile chemba ya milimita 150 iliyokuwa mara 9 ya bomba la 50, kwa bomba la 63 ni mara 5.7 tu. Kwa injini ya lita 2 isiyo na turbo ningebaki kwenye bomba la kati na kuongeza ukubwa wa boksi.

Kuna nguvu nyingine inayopotea ambayo watu hawaihesabu, nayo ni ya dereva. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asizidi saa 8 kwenye dB 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu. Kwenye dB 100 una dakika 15. Gari la wazi lenye ekzosi ubavuni linafika huko bila shida, na uziwi unaotokana nalo haurudi nyuma. Tangu gari langu litulie, naendesha mbali zaidi, nasikia matairi yanapoanza kuteleza, nasikia beringi inapoanza kulia, na aliyekaa pembeni yangu tunaongea.

Nyuzi zinaisha

Boksi la nyuzi halidumu. Gesi inazing'oa kidogo kidogo kupitia matundu, joto linazifanya kuwa unga, na safari fupi fupi zinaacha maji ndani ambayo yanazishikamanisha. Unapojenga, usichomelee kifuniko cha nyuma. Kifunge kwa skrubu au riveti ili uweze kukifungua. Tumia nyuzi ndefu zinazozungushwa kwenye bomba, si vipande vifupi vya kujazia, na kabla yake zungusha tabaka jembamba la nyuzi za chuma kisichoshika kutu ili zichukue pigo la kwanza. Zijaze zikaze lakini zisigandamane, maana zilizoshindiliwa kama udongo hazinyonyi sauti. Vaa glavu na barakoa.

Siku boksi likiwa jipya, pima kwenye mizunguko na umbali ule wa ukaguzi, kwa A na kwa C, uandike namba ndani ya mlango wa boneti. Pima tena kila unapobadilisha oili. Ganda likianza kubadilika rangi mahali pamoja, nyuzi za hapo zimekwisha na moto unaligusa chuma. Namba ya A ikipanda desibeli 2 au 3, na umehakikisha hakuna kiungo kinachovuja, ng'oa riveti ufungue.